Weupe wa Koti Mbele ya Jicho la Kulia

Ilikuwa mwaka ule soko lilipohamishwa. Hapana, nimechanganya, soko lilihamishwa mwaka uliofuata, maana Fundi alikuwa bado hajalifuata soko, anashonea kibarazani kwake, pale makoti ya wauguzi yaliporudishwa. Makoti meupe, na yeye kayashona kwa uzi wa manjano hafifu huku akiapa kwamba uzi ni mweupe pe.

“Mzee, hata kuku anaona huu si mweupe,” mkewe alimwambia.

Kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari akasema ataanza na la kulia, la kushoto baadaye. Fundi alikubali, lakini roho juu: upasuaji usipofaulu, cherehani inauzwa, na kazi nyingine haijui.

Aliporudishwa nyumbani alilala chali, jicho limefunikwa, kanyong'onyea. Binti yake, mwalimu wa sayansi, akaja kumpigia soga.

“Baba, unajua zamani wataalamu wengine waliamini mwanga unatoka machoni, unakwenda kugusa vitu, ndipo tunaona?”

“Ingekuwa hivyo, mama yako asingehitaji taa kutafutia makosa yangu.”

“Nakusikia,” mkewe alisema kutoka jikoni.

Binti akaendelea. Baadaye akatokea mtu aliyekaa katika chumba cha giza chenye tundu dogo, akatazama mwanga wa taa za nje ukipenya na kutua ukutani. Akashikilia kwamba mwanga ndio unaoliingia jicho. Zikapita karne na karne. Mwingine akaupitisha mwali wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, rangi zikamwagika ukutani, nyekundu mpaka zambarau. Watu walidhani kioo ndicho kinachoutia mwanga rangi, kama nguo inavyotiwa. Basi akaitenga nyekundu peke yake, akaipitisha kwenye kioo cha pili. Ikatoka nyekundu ileile. Alipozikusanya zote pamoja, weupe ukarudi.

Fundi akamgeukia binti yake.

“Yaani weupe ni rangi zote zimeshikana mikono?”

“Ndiyo, Baba.”

“Na mimi miaka yote naukata kwa mkasi tu, sina habari.”

Siku alipofunuliwa jicho, jambo la kwanza alitoka kibarazani na koti moja. Akafumba jicho la kushoto: koti likawaka, weupe wa ubaridi ambao hajauona tangu ujana. Akafumba la kulia: koti lilelile, rangi ya chai ya maziwa. Akashika uzi wa bluu, ambao miaka yote aliuona wa kijivu, machozi yakamtoka.

“Linauma?” mkewe aliuliza.

“Haliumi, mama watoto. Hebu simama hapo mlangoni nikutazame.”

“Kwa jicho lipi?”

“Yote, kwa zamu.”

“Utajuta wewe.”

Akafumua makoti yote, akayashona upya. Wauguzi wakayachukua bila neno, na cherehani ikabaki mahali pake.

Binti alimweleza kwamba lenzi yake ya zamani ilikuwa imegeuka manjano, basi mwanga wote ulipita humo na kutiwa umanjano. Fundi akaelewa, akashukuru. Lakini alipokwenda kupasuliwa jicho la pili alimuuliza daktari, kisha muuguzi, kisha binti yake tena, swali lilelile, na wote walitabasamu tu:

“Ule umanjano niliuona kwa yakini nikauita weupe. Huu ninaouona sasa, nitajuaje kwamba hakuna kioo kingine mbele yake?”