Kaburi la Muhogoni

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka shule ya wasichana mjini na bado sijaolewa, wapima wa serikali walipopita katika mashamba yetu wakachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Kwetu kulikuwa nyuma ya Chang'ombe, mwendo wa saa moja kwa miguu, na hapo ambapo sasa nyumba zimebanana, wakati ule palikuwa na minazi, mikorosho na muhogo. Tuliambiwa barabara inakuja. Hatukuambiwa inatoka wapi wala inakwenda wapi. Vijiti vilipita nyuma ya msikiti, vikakata shamba la baba, na kimoja kilichomekwa hatua mbili tu kutoka kaburi la babu.

Kaburi hilo lilikuwa peke yake katikati ya muhogo, mbali na makaburi ya msikitini. Lilizungushiwa mawe ya matumbawe, na upande wa kichwani zilipachikwa sahani mbili za maua ya buluu kwenye chokaa. Tangu nipate akili, kila Alhamisi baada ya alasiri baba alikwenda pale kusoma Yasini, nami nikimfuata na birika la maji ya kumwagia. Niliambiwa ni baba yake mzazi, aliyekufa baba akiwa mchanga. Mzee niliyemwita Babu, mume wa bibi yangu, yeye alimlea baba tu. Alifariki nikiwa na miaka saba, akazikwa msikitini. Hayo ndiyo niliyoyajua, na sikuwa na sababu ya kuyauliza.

Jumbe wetu alikwenda bomani kulalamika. Akarudi na jibu kwamba Bwana Shauri, mzungu wa boma, hana nia ya kusumbua wafu, ila anataka karatasi: wazee waseme nani kazikwa pale na tangu lini, maneno yaandikwe, nao watie dole gumba. Jumbe alijua herufi za Kiarabu tu, na karani wa bomani alikuwa mtu wa bara asiyezijua. Basi akaja kwa baba, akakaa barazani, akazungumza habari za mvua kwa muda mrefu, na mwishowe akasema, "Binti yako anaandika." Baba alisita, kisha akakubali. Nilidhani alisita kwa sababu mie ni mwanamke na nitakaa mbele ya wazee nimeshika kalamu. Sasa sina hakika alisita kwa lipi.

Tulikutana kwa jumbe siku iliyofuata. Wazee walikaa barazani, nami nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango, pembeni yangu mke wa jumbe akisuka ukili. Nilikuwa nimekwisha kuandika jina la babu yangu juu ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri, nikiamini kazi itakuwa imemalizika kabla chai haijapoa.

Wa kwanza kusema alikuwa mwadhini, mzee kuliko wote. Alisema mwenye kaburi lile ni mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuja kwa miguu kutoka Kilwa, zamani za Mjerumani, akasomesha watoto wa mji mwaka mmoja, akaugua homa akafa. Yeye mwadhini alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Alieleza rangi ya joho lake, na kwamba alikuwa na kidole kimoja kisichokunjika, na kwamba siku ya kumwosha maji yalichotwa kutoka kisima ambacho sasa kimefukiwa. Alizikwa muhogoni kwa sababu yeye mwenyewe aliomba azikwe mahali penye kivuli, na wakati huo palikuwa na mkungu mkubwa.

Nilifunua ukurasa wa pili, nikaandika mstari wa kwanza, kalamu ikasimama. Nilimtazama baba, nikingoja aseme kuwa mzee amekosea. Baba alikuwa anatazama miguu yake. Wazee wengine walitikisa vichwa, na sikuweza kujua kama wanakubali au wanamwonea huruma mzee.

Siku ya pili alikuja mwenye duka, Mwarabu aliyezaliwa palepale kwetu, na baba yake kabla yake. Hakuwahi kuhusika na kaburi lile hata siku moja, hivyo sote tulishangaa aliposema aliyezikwa mle ni shangazi yake. Aliolewa na mtu wa mji wetu, akafa kwenye uzazi pamoja na mtoto. Familia ya mume ilikuwa na ugomvi na familia yake, ndiyo maana wakamzika mbali. Jumbe alimuuliza ana ushahidi gani. Mwenye duka akasema sahani zile zilitoka katika vyombo vya harusi ya shangazi, na ile ya kushoto ina ufa uliounganishwa kwa nyuma kwa kibanio cha shaba, kabla haijatiwa kwenye chokaa.

Tulikwenda wote kutazama. Jumbe alichokonoa chokaa kwa ncha ya kisu, kidogo tu, na pale ukingoni pa sahani ya kushoto ikaonekana shaba. Nilirudi nyumbani daftari likiwa na kurasa nne, na jina la babu yangu limebaki peke yake juu ya ukurasa wa kwanza, halina maneno chini yake.

Jumbe akaniambia niende kwa bibi, maana hakutaka kuja barazani. Asubuhi nilimkuta jikoni anakuna nazi. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa, nikamweleza aliyosema mwadhini na aliyosema mwenye duka. Alisikiliza bila kuacha kukuna. Nilipomaliza akaniambia niweke kalamu chini, kisha akasema, "Mle hamna mtu, mjukuu wangu."

Alinisimulia polepole. Wakati wa vita vya Mjerumani askari walikuja kuchukua wanaume wabebe mizigo. Walikuwa askari wa upande gani hakumbuki. Wote walitaka mabega ya watu. Mume wake alichukuliwa asubuhi akiwa shambani, akapelekwa njia ya Rufiji. Ulipita mwaka, ukapita wa pili. Mtu mmoja wa mji akarudi amekonda, akasema alimwona mume wake ameanguka njiani na mzigo umebebwa na mwingine. Alimwona ameanguka, si amekufa. Kadhi wa kuamua kwamba amekufa alikuwa mjini, na mjini kulikuwa na vita. Ndipo kaka zake bibi wakakata shauri wenyewe: wakachukua kanzu ya mume, kofia na mkeka wake, wakavizika muhogoni kwa siri, mbali na msikiti ili wenye elimu wasiulize. Bibi akakaa eda miezi minne na siku kumi. Alipotoka akaolewa na yule niliyemwita Babu.

"Na sahani?" nikauliza.

Alisema sahani alipewa na baba wa yule mwenye duka, ili apambe kaburi. Habari ya shangazi haijui. Ya mwalimu wa Kilwa aliwahi kuisikia, lakini yeye alisikia mwalimu huyo aliondoka mzima. Kisha akafikiri kidogo, akasema kaka zake walipochimba walisema udongo ulikuwa laini kupita kiasi, kama uliowahi kuchimbwa, wakaenda pembeni kidogo. Nikawa sijui tena kama niandike hapana mtu, au wawili, au watatu.

Halafu akaongeza jambo ambalo sikuwa nimemuuliza. Miaka kadhaa baada ya vita, mchuuzi wa chumvi alimwambia kwamba amemwona mume wake wa kwanza Lindi, mzima, ana mke na watoto. Bibi hakumwambia mtu. Alikuwa na nyumba yake na mume mwema, angefanya nini?

Nilianza kuhesabu moyoni. Baba alizaliwa wakati wa vita, hilo nilijua. Lakini vita vilikuwa virefu. Nikamuuliza bibi kama baba alizaliwa kabla mumewe hajachukuliwa, au baadaye. Bibi aliinua mbuzi ya kukunia, akapangusa machicha yaliyobaki kwenye meno ya mbuzi, akasema, "Baba yako ni mwanangu. Hilo liandike ukitaka." Akaenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Jioni hiyo nilimkuta baba anapalilia. Sikujua nianze vipi. Nilimwambia tu kwamba bibi amesema kaburi halina mtu. Nilitegemea atashtuka, au atakasirika. Aliendelea na jembe mistari miwili mizima, kisha akasimama. Alisema alipokuwa mdogo alimwona mama yake analia pale, peke yake, akidhani hakuna anayemwona. "Ikanitosha," akasema. "Sikutaka kujua zaidi." Nikamuuliza kwa hiyo anamsomea nani. Akasema hajui, na kwamba aliacha kujiuliza kabla mie sijazaliwa. Kisha akanionyesha mahali pa kuanzia kupalilia, kama vile tulikuwa tumezungumza habari ya magugu.

Jumbe alitaka karatasi siku ya nne. Alisema boma linataka jina moja, si hadithi tatu. Nikakaa na kalamu mbele yake. Kuandika jina la babu ni uongo, tena babu mwenyewe simjui ni yupi. Kuandika la mwalimu au la shangazi ni kuchagua kati ya wazee wawili waliotoa ushahidi. Kuandika alilosema bibi ni kumweka uchi mbele ya mji mzima, na msikitini wangemsema hadi kufa kwake. Mwishowe niliandika kwamba pale pamezikwa mtu wa mji huu, zamani, na wazee wote wanapaheshimu. Jumbe alinitaka niisome mara mbili, akaguna, lakini akatia dole gumba. Mwadhini akatia. Mwenye duka akatia. Kila mmoja alimfahamu mtu huyo kwa namna yake.

Jumbe aliniambia baadaye yaliyotokea bomani. Karani hakuisoma ile karatasi. Aliuliza makaburi ni mangapi. Jumbe akasema moja. Karani akaandika moja kwenye kitabu chake.

Barabara haikupita kwetu. Wapima walirudi, wakang'oa vijiti, wakavichomeka upande wa pili wa bonde. Wengine walisema ni kwa ajili ya kaburi, na mwadhini akatoa shukrani msikitini. Kijana mmoja aliyewabebea wapima vyombo alisema udongo wa upande wetu una maji mengi tu. Hata leo sijui lipi ni kweli.

Bibi alifariki miaka miwili baadaye. Ndugu waligawanyika: kuna waliosema alazwe muhogoni kwa mume wake wa kwanza, na wengine msikitini kwa mume wa pili. Walinigeukia mie, kwa kuwa ndimi niliyeandika habari zile. Nilisema sijui, na nilikuwa nasema kweli, ingawa walidhani nawaficha. Baba aliamua msikitini. Hakueleza sababu, na Alhamisi iliyofuata alikwenda muhogoni kama kawaida.

Mwaka huohuo niliolewa Kinondoni. Wiki ya kwanza mama mkwe alinikalisha ukumbini pamoja na mawifi zangu, akaniuliza kwa upole, kama ilivyo desturi, mie ni wa ukoo gani. Nikataja jina langu na la baba yangu. Alingoja nitaje la tatu. Nilifungua mdomo, majina mawili yakanijia kwa pamoja, nikaona haya, nikaomba nikatazame chai jikoni.