Picha Zote Zikawa Moja

Ofisini walimwita Dada Nakala. Jina hilo alipewa na mhariri wa video, mtu wa maneno mengi aliyekaa meza ya jirani, kwa sababu mwanamke huyu hakugusa faili lolote kabla ya kulitolea nakala, na nakala yenyewe akaitolea nakala. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta zinazosoma picha zenye namba, moja baada ya nyingine, kuzisafisha, kisha kuziandika upya kwa mpangilio uleule ili ziwe filamu. Namba zikifuatana vizuri, mtu aliyechorwa anatembea. Moja ikipotea, anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Wewe hata mume utataka wawili wanaofanana," mhariri alimtania, "mmoja wa kuishi naye, mmoja wa akiba."

Alicheka na wenzake, ila woga wake haukuwa mzaha. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kurudi kutazama komeo, mtu wa kunusa jiko lililokwisha zimwa.

Alilelewa na mjomba wake, mchoraji wa mabango ya maduka, na mkaza mjomba. Mkaza mjomba alipofariki, mjomba aliacha mabango. Alibandika karatasi moja kubwa ukutani, akasimamisha kamera mbele yake, akaanza kumchora mkewe kwa mkaa. Alichora, akapiga picha, akafuta kwa kitambaa, akausogeza mkono wa mkewe upana wa ukucha, akapiga tena. Karatasi ilikuwa ileile. Kila mchoro ulifutwa ili mwingine upate mahali, na kadi ya kamera nayo ilifutwa kila ilipojaa. Kilichobaki ni picha ndani ya kompyuta ya mpwa wake. Ndani yake mkewe anatokea mlangoni, anainua uso kutazama mawingu, anaanua nguo kwenye kamba, anazitupia begani, anarudi ndani. Basi.

"Haya masifuri mbele ya namba ni ya nini?" mjomba aliuliza siku moja.

"Bila hayo, mjomba, kompyuta inaweka kumi kabla ya mbili."

"Na kuna watu wanailipa mshahara?"

"Wananilipa mimi niirekebishe."

"Basi Mungu aijalie isielewe kamwe."

Mchoro wa mwisho ulipokwisha, kiharusi kikampiga mjomba. Aliinuka kitandani, lakini mkono wa kulia ulibaki ukitetemeka na kona ya mdomo ikalegea. Daktari alimvuta mpwa pembeni, karibu na ndoo za kupigia deki, akamwambia kwa sauti ya chini: mzee asishtushwe. Tangu hapo mpwa alifunga milango kwa viganja viwili. Simu aliizima mlio. Kila asubuhi, kabla ya kumwamkia mzee, aliitazama kwanza ile kona ya mdomo.

Mchana mmoja wa Jumapili mjomba alikuja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Mwanangu, kabla mke wangu hajatokea, tuone kamba na nguo tu, na mlango. Mtu asiwepo. Picha hiyo niliipiga siku ya kwanza, ukaiweka kando."

"Ninayo. Dakika moja tu, mjomba."

Ili picha hiyo ikae mbele, zote zilizobaki zilipaswa kusogea namba moja. Kazi ya kitoto. Siku zote programu zake zilisoma kwenye folda moja na kuandika kwenye nyingine, na siku zote palikuwa na diski ya akiba mezani. Diski hiyo ilikataa kuwaka juzi. Lakini mjomba alikuwa akipiga mluzi, mluzi wa kwanza tangu atoke hospitali, na moyo wa mwanamke ukalegea kama kamba iliyofunguliwa fundo. Kwa mara moja katika maisha yake, hakuogopa. Aliandika mistari michache: soma picha, iandike kwa namba inayofuata, endelea hadi mwisho, kisha weka mbele ile isiyo na mtu. Akabonyeza. Mjomba akaenda jikoni kutengeneza chai.

Aliifungua filamu. Kamba, nguo, mlango. Mkaza mjomba akatokea mlangoni, akasimama.

Akaendelea kusimama.

Alidhani kompyuta imekwama. Akafungua picha ya katikati: amesimama mlangoni. Akafungua ya mwisho: amesimama mlangoni, mkono ubavuni. Alimpigia mhariri, mdomo umegusa simu.

"Niliandika juu ya folda ileile."

"Ulianzia nyuma?"

"Mbele."

"Kwa hiyo ya kwanza ikaandikwa juu ya ya pili," mhariri alisema polepole. "Ilipoenda kusoma ya pili..."

"Ikaikuta ya kwanza. Ikaibeba hiyo hadi ya tatu."

"Nakala?"

"Sina."

"Acha utani. Wewe?"

"Sina, kaka."

"Kilichoandikiwa juu hakirudi, dada. Pole. Mzee anajua?"

Alikata simu. Jikoni sufuria ilikuwa imeanza kuunguruma. Aliwaza kusema kompyuta imeungua. Aliwaza kuimwagia maji, iungue kweli. Aliwaza kumwambia kesho, halafu keshokutwa, hadi mzee achoke kuuliza. Na akajiona akiishi hivyo, akiogopa kila mlango unapofunguliwa ndani ya nyumba iliyomlea. Kikombe kikaanza kugongana na kisosi, kikija taratibu kwenye ukumbi. Alisimama, akakipokea mkononi mwa mjomba kabla hajasema lolote.

"Kaa kwanza, mjomba."

"Mbona mikono yako inatetemeka kuliko yangu?"

"Kaa."

Alimweleza akiwa amepiga magoti, macho yake kwenye kona ya mdomo wa mzee. Hakuficha neno. Mjomba hakufoka. Uso wake ulibadilika rangi, ukawa kama karatasi ile ukutani, na mwanamke akaushika mkono wake akitafuta mapigo kwa vidole visivyojua pa kugusa.

"Zote?"

"Zote. Imebaki ya kwanza."

"Nionyeshe."

"Mjomba, daktari alisema..."

"Nionyeshe, nimesema."

Akabonyeza. Kamba, nguo, mlango. Kisha yeye, amesimama. Mzee alitazama bila kupepesa. Filamu ilikwenda urefu wake wote na mkewe hakuinua uso, hakugusa nguo, hakurudi ndani. Machozi yalimshuka mzee zaidi shavu moja kuliko jingine. Mpwa akalihesabu hilo nalo kuwa dalili, akainuka kutafuta namba ya daktari.

"Weka simu," mjomba alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini maneno yalitoka mazima. "Umeniumiza, sitakudanganya. Kesho utanishikia kiwiko mbele ya karatasi ile, tuone mkono huu unaweza nini."

"Ndiyo, mjomba."

"Sasa rudisha mwanzo, unywe hiyo chai. Halafu uniache naye."

Alirudisha mwanzo. Alitoka, akaegemea ukuta wa ukumbini, mlango ameuacha wazi kidogo, akisikiliza pumzi za mzee, moja, na nyingine, na nyingine.