Sumaku ya Gitaa la Shirika

Fundi redio wa mtaa wetu, Gerezani, huchagua sumaku ya gitaa la umeme, ile inayonasa sauti ya nyuzi, kwa kuigonga kwa bisibisi, sikio kwenye spika, macho kayafumba. Mpya hazipatikani, anazo kuukuu mbili kwenye kopo la kakao. Jana, nikisubiri redio yetu, mpiga gitaa wa bendi ya shirika la umma alileta gitaa lisilotoa sauti. Fundi alichagua yenye sauti nzito, akailehemu, akakaza nyuzi.

“Lipige basi, mzee,” mpiga gitaa alimwambia. “Si lilikuwa lako?”

“Lilikuwa la shirika. Waliponiachisha kazi, nikaliacha.”

Vidole vya fundi vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshakaa kwenye nyuzi. Akaviondoa kimoja kimoja, akazigonga nyuzi kwa bisibisi, akamkabidhi mwenzake gitaa.