Amplifaya Yangu na Wimbo wa Mama Nkwimba

Nakumbuka vumbi la Kabungu siku ile niliyoaibika, mwanangu, na nakumbuka uzito wa amplifaya yangu, maana niliishusha mwenyewe kwenye pikipiki ya matairi matatu, sitaki mtu aiguse. Juzi uliniuliza kama uuze amplifaya yako kubwa ununue kile kiboksi cha kidijitali cha kukanyaga kwa mguu, kinachoiga sauti ya amplifaya. Nitakujibu, ila nisikilize kwanza.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Gitaa nilijifundisha mwenyewe, na leo, sijifichi, kuanzia Majengo mpaka Kakese ukiuliza nani anapiga solo utaonyeshwa nyumba yangu, ile ya bati jekundu. Mcheza kwao hutunzwa. Lakini wakati ule nilikuwa kijana, nimenunua amplifaya nzito kama gunia la mahindi, na niliipenda kuliko gitaa lenyewe.

Bendi yetu ya Mpanda iliitwa huko Kabungu kumuaga Nkwimba, binti wa wafugaji wa Kisukuma, anaolewa Kahama. Mama yake aliomba kitu kimoja tu: tupige wimbo aliokuwa akimbembelezea huyo binti utotoni, wacheze wote wawili kabla hajapanda gari. Kiongozi wetu, Mzee Lubeni, akamwahidi.

Kabla hatujaondoka mzee aliniuliza, "We kijana, umeme wa huko umeuulizia?"

"Mzee, chombo kama hiki hakiulizi umeme," nikamjibu. Wenzangu wakacheka, nami nikavimba.

Kufika, kumbe kuna kajenereta kadogo ka kuchajia simu! Mama Nkwimba akasimama uwanjani, kamshika mwanawe mkono. Nikawasha amplifaya. Jenereta likakohoa, likazima, na spika zote kimya. Likawashwa tena, Mzee akanikataza nisiiguse amplifaya, wenzangu wakaanza wimbo bila mimi. Mimi? Nikajiambia safari hii litavumilia, nikaiwasha kwa siri katikati ya wimbo. Likazima tena, mama wa watu kainua mikono juu, anabaki ameganda. Wakwe wakaanza kuangalia jua. Dereva akapiga honi.

"Hee, bendi ya Mpanda hiyo!" shangazi mmoja akatupigia kelele. "Si bora tungepiga makopo!"

Mzee Lubeni alikuja mpaka sikioni kwangu. "Leo anaolewa binti wa watu, siyo sanduku lako. Chomoa."

Nikachomoa, jenereta likawashwa. Akatoa kwenye mkoba wake wa begani kiboksi chake cha kukanyaga, mwanangu, ambacho kila siku nilikiita kisanduku cha njugu. Akakiunga moja kwa moja kwenye mixa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, gitaa langu likaingia humo. Sitakudanganya: sauti haikuwa nene kama ya amplifaya yangu. Lakini kiboksi hakili umeme, jenereta lilinguruma bila kukohoa, na mama akacheza na mwanawe mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Alipomaliza akaja kunivisha kitenge begani, anafuta machozi. Hakuuliza nilipigia nini.

Ngoma ivumayo haikawii kupasuka, na siku hiyo iliyopasuka ilikuwa mimi.

Basi jibu lako hili hapa. Usiuze amplifaya. Ukumbini mjini, umeme ukiwa wa kutosha, ile ngurumo inayokupiga mgongoni hakuna kiboksi kinachoifikia, na mimi masikio yangu hayadanganywi. Ila na kiboksi kitafute, kikae begani. Na kabla hujabeba chochote, ulizia kwanza: umeme gani, spika za nani, barabara ikoje, na mwenye shughuli anataka kusikia nini. Nyie vijana mnabishana kipi bora kana kwamba shughuli ni yenu. Shughuli ni ya Mama Nkwimba. Mimi leo ninavyo vyote viwili, na bado kabla ya kwenda kupiga napiga simu kuulizia, pamoja na ukubwa wangu wote huu.

Haya, mwanangu. Mungu akupe vidole vyepesi na masikio mazito kwa sifa, na kila mama utakayempigia amalize wimbo wake.