Mumunye la Karani

Karani wetu mstaafu wa mahakama, hapa kijijini kwetu Norfolk, Uingereza, hasemi jambo bila kulipigia muhuri. Sisi tunasema mvua inakuja. Yeye hukohoa, huvuta ncha za kizibao, kisha hutumia kitenzi cha kale cha Kiingereza, aver, yaani nathibitisha: "Nathibitisha kwamba pai hii ni ya jana." Ukithubutu kuuliza, atakueleza kuwa neno hilo lilizaliwa kwa Walatini, kwenye neno lao la kweli, likapitia vinywani mwa Wafaransa hadi mahakamani kwetu, na zamani aliyelitamka alitakiwa kuleta ushahidi. "Si kusema tu, bwana. Ni kusema na kusimama nalo." Chai inapoa, naye bado yuko kwa Wafaransa.

Kwenye maonyesho ya mboga mwaka huu alileta mumunye nene kama ndama, akawa analipapasa kwa vidole laini visivyojua udongo. Kanuni yetu ni moja: unacholeta umekilima mwenyewe. Kombe lilikuwa limeshamkaribia mkononi pale Bi Thirkettle, mpinzani wake wa miaka yote, alipoinama akalinusa lile mumunye.

"Jirani, hili umelipanda mwenyewe?"

Karani akakohoa, akavuta ncha za kizibao. Tukalisubiri neno lake.

"Nadhani," akasema.

Bi Thirkettle akalichukua kombe taratibu, akalipangusa kwa aproni. "Na hiyo nadhani, karani, tumeletewa na Walatini gani?"