Ng'ombe Aliyekataa Maji Meupe

Msimu wa kahawa wa mwaka sabini na nne, mfongo, mfereji wa maji uliopita kando ya kihamba cha Dafroza, shamba la nyumbani kwake kule Uru, ulibadilika rangi kama kawaida yake. Nyumba za juu zilikuwa zinamenya kahawa kwa mashine za mkono, zinaiosha, na maji ya kuoshea yanarudi mfereji ule ule. Yalimfikia Dafroza yana rangi ya kutu na uchachu wa kukereketa pua. Safari hii yalimtia hofu, maana Leonia, mwanawe, ndiyo kwanza kaachishwa ziwa, na tumbo lilikuwa linamwendesha.

Chemchemi safi ilikuwa korongoni, na kupanda na debe kichwani, mtoto mgongoni, si kazi ya kila siku. Kwa hiyo Digna, mama wa afya, alipofundisha wanawake kuchuja, Dafroza alishika kila neno. Alichoma magunzi ya mahindi shimoni, akayafukia yasiwe majivu, akatwanga mkaa wake, akauosha, akautandaza juu ya mchanga katika debe lililotobolewa kitako. Maji ya mfongo yakaingia mekundu yakadondoka meupe, bila harufu. Yachemshwe tu, Digna alikuwa amesema.

Lakini mpishi wa uji wa Leonia alikuwa mama mkwe, Dominika, kwani Dafroza alishinda shamba la kijiji. Dominika hakubishana. Alichota maji yale akampelekea ng'ombe wao wa kufungwa ndani. Ng'ombe akanusa, akageuza kichwa. Akaletewa ya mfongo, akayanywa mpaka akalamba ndoo.

"Umeona, mama Leonia? Alichokikataa ng'ombe, mjukuu wangu hakili."

Dafroza akabaki njia panda. Aliosha mkaa upya, akabadilisha mchanga. Ng'ombe akakataa tena. Macho ya Dafroza yalisema hivi, pua ya ng'ombe ikasema vile, na pua ile haikuwahi kuidanganya nyumba. Labda magunzi yana sumu asiyoijua. Alipomuuliza mumewe, Thadeus, alicheka, akasema mahakama ya ng'ombe yeye haiingilii. Uji ukaendelea kupikwa kwa maji ya kutu, na Leonia akazidi kulegea shingo.

Asubuhi moja Dafroza alijikaza akashuka chemchemini. Aliporudi, Dominika, aliyeyanywa maji ya chemchemi hiyo tangu aolewe, akammiminia ng'ombe kidogo. Ng'ombe akageuza kichwa.

Wakatazamana. Dafroza akachovya kidole katika ndoo ya mfongo, akalamba, akatema haraka.

"Mama, onja. Yana utamu wa ute wa kahawa."

Dominika akaonja, akakunja uso. "Kumbe huyu anakula peremende tu." Akacheka kidogo. "Sasa haya ya magunzi, nani atuambie kama ni salama?"

Dafroza akawasha moto. Alichemsha ya debe lake, akanywa kikombe kizima mbele ya mama mkwe, akangoja tumbo lake liseme. Halikusema kitu, na hilo nalo hakujua alipe maana gani. Dominika akachukua yaliyobaki, akakoroga unga, akamwambia aende shamba asije akachelewa.

Alifika mgombani, akarudi mlangoni. Leonia alikuwa anameza. Dafroza akasimama pale na jembe begani, akiuchungulia uso wa mtoto kila kijiko kilipoingia.