Dizeli Iliyotoka Maombini

Jumanne asubuhi, hapa mtaani Section 58, jirani yangu alikuwa akiuza gari lake kuukuu la dizeli. Mnunuzi, mama mmoja kutoka Kiamunyi, hakusumbuka na mng'ao wa polishi. Aliweka kiganja juu ya boneti.

"Mzee, mbona imeshapata moto?"

"Nimetoka kanisani sasa hivi."

"Jumanne?"

"Tulikuwa na maombi."

"Amen. Basi tungoje ipoe." Akakalia ndoo, akaanza kutafuna njugu.

Injini ya dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa na moto. Ikipoa ndipo hutoa ushuhuda wa kweli. Jirani alileta chai, akasifu viti, akasifu hata redio. Injini ikapoa. Alipozungusha ufunguo, gari lilikohoa, likanyamaza.

"Hebu sukumeni kidogo tu," akatuambia mimi na yule mama, yeye akiwa ameketi kwa usukani.

Tulisukuma hadi kwenye kona. Likawaka, likatumwagia moshi mweusi usoni.

"Si mmeona?" akapaza sauti dirishani. "Haina shida yoyote!"

Mama alikohoa, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Tangu siku hiyo, nikisikia kiongozi akitangaza kwamba nchi haina shida yoyote, mimi hujipangusa uso tu.